Injini ya Pili Siyo Spea: Stori ya Ndege Ndogo na Mlima Wetu

Najua wengi mmeingia hapa mkitegemea ubuyu wa wiki, nani kaachana na nani. Ubuyu upo, kesho nitaumwaga. Leo nina deni la ubishi nataka nililipe.

Ilikuwa Jumapili jioni kijiweni kwetu hapa Moshi, tunasubiri mpira uanze. Ndege ndogo ya injini mbili ikapita juu ikielekea upande wa Arusha. Mshkaji wetu mmoja, fundi magari, akasema kwa kujiamini kabisa: "Ile moja ni spea. Ikizima hii unatembea na ile, kama tairi." Wote tukaitikia. Sasa alikuwepo babu mmoja, meku wa Kibosho, ujanani alibeba mizigo kwenye kiwanja cha zamani cha ndege hapa Moshi, kabla KIA haijajengwa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nyie watoto, injini ya pili siyo spea. Ni ng'ombe wa pili kwenye plau. Akifa mmoja, hulimi nusu shamba. Hulimi kabisa."

Nikalala na hilo neno. Mimi fizikia ya form four ilinipiga chini, siwezi kujificha, lakini nikaanza kusoma kwa simu usiku usiku mpaka bando likakata mara mbili. Nilichokikuta ni stori tamu kuliko mipasho ya mastaa. Na inaanza na mwenye mabasi.

Ndiyo, mwenye mabasi. Uingereza, mkoa wa Essex, kulikuwa na mzee anaitwa Edward Hillman. Hakuwa msomi. Alianza na udereva, akanunua mabasi, akatajirika, halafu mwaka 1931 akaingia kwenye ndege. Akili yake ilikuwa ya stendi: nauli iwe rahisi, ndege ijae, iende irudi. Rubani kwake alikuwa dereva tu kama dereva mwingine. Alikuwa na ndege ndogo za injini moja kutoka kampuni ya de Havilland, ila zilibeba watu wachache na yeye alitaka kupeleka abiria Paris. Basi akawaambia de Havilland wamtengenezee kubwa zaidi, ya injini mbili, isiyokula mafuta mengi.

Wakamtengenezea. Iliitwa Dragon, DH.84, ikaruka mara ya kwanza Novemba 1932. Msanifu wake alikuwa Arthur Hagg. Mwili wa mbao na plaiwudi, mabawa manne ya kitambaa, mawili juu mawili chini, na injini mbili za Gipsy Major, kila moja nguvu farasi 130. Ilibeba abiria sita na kila mmoja begi la kilo 20, na ikanywa galoni 13 tu kwa saa. Hesabu ya mwenye daladala kabisa hiyo.

Hapo tayari utaona meku alikuwa na pointi. Hillman hakuomba injini mbili ili moja ikae akiba. Aliomba mbili kwa sababu moja isingeweza kubeba mzigo. Zile injini mbili zilihesabiwa zote kwenye kazi tangu siku ya kwanza.

Miezi kama 17 baadaye, tarehe 17 Aprili 1934, wakatoa mdogo wake mwenye nguvu zaidi, Dragon Rapide. Hii ilikuwa na injini za Gipsy Six, farasi 200 kila moja, na bawa lililochongoka kwenye ncha. Zilijengwa zaidi ya 700 na mpaka leo zipo zinazoruka. Na hii ndiyo ndege ndogo ya injini mbili ambayo Afrika Mashariki iliijua kuliko zote.

Iliingiaje huku? Kupitia kwa mwanamke. Nairobi mwaka 1929 kulikuwa na mjane anaitwa Florence Kerr Wilson. Alianzisha kampuni ya ndege, Wilson Airways, na rubani wake mkuu akawa Tom Campbell Black. Mwaka 1929! Mabibi zetu wengi wanasimulia kwamba kipindi hicho kuona gari tu ilikuwa habari ya wiki nzima. Wakaanza na vindege vya injini moja, baadaye wakaleta Dragon na Rapide. Vita vya 1939 vikaichukua kampuni, ndege na marubani wakaenda jeshini, na Wilson Airways haikurudi tena. Jina lilibaki: kile kiwanja cha Nairobi ambacho ndege za watalii zinatokea, Wilson Airport, kilipewa jina la huyo mama mwaka 1962.

Nisimwache Campbell Black apite hivi hivi maana huyu angekuwepo leo angekuwa trending kila wiki. Alimfundisha urubani Beryl Markham, yule dada wa Kenya aliyekuja kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake 1936. Halafu Oktoba 1934 yeye na mwenzake C.W.A. Scott wakashinda mashindano ya ndege kutoka Uingereza mpaka Melbourne, Australia, kwa saa zisizofika 71. Ndege yao ilikuwa DH.88 Comet, nyekundu, ya injini mbili, na injini zenyewe zilikuwa Gipsy Six zilizokoleshwa kwa mashindano. Yaani ukoo ule ule wa injini zilizokuwa zinabeba barua na wagonjwa huku kwetu ndio ulioshinda mbio za dunia. Alikufa 1936 akiwa chini kabisa ardhini, Liverpool, ndege nyingine ilipomgonga kiwanjani.

Vita ilipoisha, East African Airways ikaanza safari Januari 1946. Ilianza na ndege sita tu. Zote Rapide.

Meku anasema kilichokuwa kinamshangaza ni mizani. Abiria alipimwa pamoja na begi lake, mzungu na kofia yake, mhindi na masufuria yake. Mnene alikalishwa anapoambiwa, siyo anapotaka. Nilidhani ni roho mbaya ya wakoloni. Kumbe ni hewa yetu.

Hapa ndipo niliposoma sana, kwa hiyo nivumilieni. Injini ya petroli inakula hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na kila futi 1,000 injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Joto nalo linafanya hewa iwe nyepesi. Kiwanja cha Moshi kipo kama futi 2,800 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 32, zile siku za Februari ambazo hata mbwa hataki kuvuka barabara, ndege inajiona ipo kama futi 5,500. Arusha yenyewe iko futi 4,550 kabla hujaongeza joto. Nairobi Wilson futi 5,500 na ushee. Sasa ndege iliyopimwa nguvu zake kwenye baridi ya Uingereza, karibu na usawa wa bahari, unaileta huku unaijaza watu.

Injini zote mbili zikiwa hai, sawa. Moja ikizima je? Fundi wetu anadhani unabaki na nusu. Hapana. Nguvu nyingi za ndege zinaishia kuishikilia tu isianguke. Kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachoipandisha. Ukitoa injini moja kati ya mbili umekula karibu akiba yote ya kupandia, marubani wanahesabu asilimia 80 au zaidi. Halafu injini hai iko upande mmoja, kwa hiyo inaivuta pua igeukie upande wa maiti. Rubani akanyage usukani wa mkia kwa mguu mmoja, kwa nguvu, na asipunguze mwendo, maana mwendo ukishuka sana mkia hauna nguvu tena na ndege inajigeuza chali. Na lile panga la injini iliyokufa linaendelea kuzungushwa na upepo, linakuwa breki. Kwenye Rapide za kawaida panga lilikuwa limekazwa pembe moja, hukuweza kuligeuza likae ubavu lipitishe upepo. Ng'ombe amekufa, na bado umefungwa naye kwenye nira.

Marubani wana utani wao wa siku nyingi kwamba injini ya pili kazi yake ni kukufikisha kwenye eneo la ajali. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Wapenzi wa stori za mastaa, hii ni yenu. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, alikuja kuwinda Tanganyika 1933 na 1934. Akaugua tumbo la kuhara damu huko mbugani, hali mbaya, ikabidi aje achukuliwe na ndege ndogo mpaka Nairobi. Mwaka 1936 akaandika ile hadithi ya theluji za Kilimanjaro, ambayo mgonjwa anaota amebebwa na ndege kuelekea kileleni. Wageni wengi wanaujua mlima wetu kwa hadithi ile, na ndani yake kuna ndege ya kumchukua mgonjwa. Hilo wachache wanalisema.

Akarudi tena. Januari 1954, Uganda, yeye na mke wake walikuwa kwenye Cessna ya injini moja karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Wakapona. Kesho yake wakapata ndege ya kuwatoa, kiwanja cha Butiaba, ziwa Albert. Ndege yenyewe ilikuwa Rapide, injini mbili. Ikaanguka wakati wa kuruka, ikawaka moto. Akatoka humo akiwa ameumia vibaya, magazeti ya dunia yakawa yameshaandika amekufa, akajisomea matanga yake mwenyewe. Mwaka huo huo akapewa tuzo ya Nobel. Ajali mbili ndani ya siku mbili, moja injini moja, nyingine injini mbili. Fundi, upo?

Na mlima? Wa kwanza kuruka juu ya Kibo alikuwa Mswisi, Walter Mittelholzer, Januari 1930, akapiga na picha. Ila ndege yake ilikuwa Fokker ya injini tatu. Kibo ni mita 5,895, zaidi ya futi 19,300, wakati Rapide za kawaida dari lao la kazi lilikuwa kama futi 16,700. Kwa hiyo ndege ya injini mbili iliyozoeleka huku ilikuwa inazunguka mlima kama sisi tunavyozunguka na gari kupitia Rombo. (Mittelholzer alikufa 1937 akipanda milima Austria. Alianguka kwa miguu yake, siyo kwa ndege.)

Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya East African Airways, Douglas DC-3, ikitoka Dar kwenda Nairobi, iligonga mlima upande wa Mawenzi. Watu 20, wote wakafa. DC-3 siyo ndege ndogo, lakini ni injini mbili, na kubwa kweli kweli, zaidi ya farasi 1,000 kila moja. Meku anaikumbuka hiyo wiki. Anasema mjini watu waliongea kwa sauti ya chini, na wapagazi waliojua njia za juu ndio walioulizwa ulizwa. Zaidi ya hapo hasemi, anabadilisha mada anauliza mbege iko wapi.

Sasa Wamarekani. Baada ya vita walikuwa na viwanda vikubwa vya ndege na hawana wa kumuuzia, wakageukia matajiri wadogo: mwenye shamba, daktari, mwenye kampuni. Piper wakarusha Apache Machi 1952, injini mbili za farasi 150. Cessna wakarusha 310 Januari 1953, injini mbili za 240. Hizi zilikuwa za bati tupu, magurudumu yanakunjwa, na kubwa kuliko yote, panga la injini iliyokufa unaweza kuligeuza ubavu likaacha kuwa breki. Hapo ndipo injini ya pili ilianza kukaribia maana ya spea. Kukaribia tu. Apache ya mwanzo ukiijaza watu, siku ya jua pale Nairobi, injini moja ikifa isingepanda, ingeshuka taratibu huku ukitafuta uwanja. Ndiyo maana ikaja Aztec, ile ile Apache iliyonenepa ikapewa farasi 250 kila upande. Baadaye wakaweka na tabo, kama kwenye Seneca ya miaka ya 70, na kwa nchi yenye viwanja vya futi 5,000 tabo ndiyo dawa. Uliza dereva yeyote wa lori anayepandisha Kitonga.

Waingereza nao walikuja na Islander, ikaruka Juni 1965. Wenyewe, John Britten na Desmond Norman, walishawahi kuhusika na usafiri wa ndege Cameroon, kwa hiyo walijua Afrika inataka nini: mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, kutua kwenye majani, fundi wa kawaida aweze kuitengeneza. Mwezi mmoja kabla yake, Mei 1965, Wakanada walirusha Twin Otter, hii ikiwa na injini za tabini zinazokunywa mafuta ya taa ya ndege badala ya petroli. East African Airways ilipokufa 1977 na Air Tanzania ikazaliwa Machi mwaka huo, Twin Otter zilikuwa miongoni mwa ndege zilizotumikia viwanja vyetu vidogo.

Hapa nataka nirudi mlimani, kwa sababu kuna jambo nililikuta na mpaka leo naliuliza kila mtu hapa Moshi na hakuna anayelijua.

Wale madaktari wa ndege, Flying Doctors wa Amref, mnaowasikia Nairobi, wazo lao lilizaliwa kwenye mlima wetu. Ol Molog, huko West Kilimanjaro, kulikuwa na shamba la daktari wa upasuaji, Michael Wood. Mwaka 1956 alikaa pale na wenzake wawili, Tom Rees wa Marekani na Archibald McIndoe wa New Zealand, huyu McIndoe ndiye aliyetengeneza upya sura za marubani walioungua wakati wa vita. Wakaangalia nchi ilivyo kubwa na barabara zilivyo mbovu, wakasema daktari apande ndege amfuate mgonjwa. Mwaka 1957 ikaanza rasmi, na ndege ndogo tu. Leo wana Pilatus PC-12 na jeti.

Nilipolisoma hilo nilimfikiria kaka yangu. Kaka ni mpagazi. Miaka mitatu iliyopita alizidiwa huko juu, mapafu yakajaa maji, ule ugonjwa wa mwinuko. Mgeni wa kundi lao naye aliumwa kichwa siku hiyo hiyo, helikopta ikamfuata, bima yake ililipa. Kaka yangu alishushwa kwa machela ya gurudumu moja, wenzake sita wanapokezana, saa nane njiani, usiku, mvua. Kampuni siitaji. Alifika hospitali yuko hai, ndiyo maana leo naweza kuandika bila kulia. Lakini wazo la kumfuata mgonjwa kwa ndege lilipangwa kwenye mteremko wa mlima ule ule, miaka zaidi ya 60 kabla.

Angalia sasa hiyo Pilatus PC-12. Ina injini moja! Iliruka mara ya kwanza 1991. Na ukikaa kiwanja cha Arusha asubuhi ukahesabu ndege zinazopeleka watalii Serengeti na Zanzibar, nyingi ni Cessna Caravan, iliyoruka 1982, nayo injini moja. Ndege ndogo za injini mbili za petroli zimepungua sana. Sababu ni mbili na zote ni za mfukoni. Kwanza petroli ya ndege ni ghali na viwanja vingi haipatikani, wakati mafuta ya tabini yapo popote jeti inapotua. Pili, tabini inazima mara chache mno kuliko injini ya pistoni, kwa hiyo kampuni ikaona heri ng'ombe mmoja asiyeugua kuliko wawili wanaokohoa, maana wawili unawalisha wote, unawatibu wote.

Nilimpelekea meku haya yote. Nikamsomea kwenye simu, yeye macho yamefifia. Akaniuliza swali moja tu: "Na huyo mmoja akizima?" Nikamwambia rubani anashusha pua, ndege inateleza kwa upepo, anatafuta sehemu tambarare. Akatazama juu, huko mlima uliko, ulikuwa umefunikwa. Akasema, "Upande wa Serengeti sehemu tambarare zipo."

Fundi bado anasema ni spea. Tumewekeana kreti ya soda na hataki kulipa. Kaka yangu anapanda tena Jumatatu, njia ya Machame, siku saba.